Kila Swali na Mahali Pake

Paukwa!

Pakawa. Vizuri, mmeitikia. Sogeeni basi.

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, mwanafunzi aliyefanya mtihani alijibu kwa kuandika maelezo marefu. Mwalimu alibeba fungu la karatasi hadi nyumbani, akasahihisha mpaka usiku wa manane. Karatasi moja ukiwapa walimu wawili, huyu atatoa alama nane, yule sita, na kila mmoja ataapa kwamba yeye ndiye aliyetenda haki. Hadithi yangu inaanzia kwenye ugomvi huo. Itapita kwa mtoto mtundu aliyezima magari ya watu kwa penseli, itapita mbele ya kioo cha kompyuta chenye mwanga wa rangi ya chungwa, kisha itafika mezani kwako, siku utakapotengeneza chemshabongo yako mwenyewe. Inahusu jambo dogo ambalo wengi hulidharau: swali likae wapi, na majibu yake yakae wapi.

Mtu wa kwanza ni Frederick Kelly, aliyefundisha katika chuo cha walimu huko Kansas, Marekani. Karibu na mwaka 1915 alitunga mtihani wa kusoma kimya ambao mtoto hakuhitaji kuandika sentensi. Aliwekewa maneno machache, akalizungushia mstari lililo sahihi. Jibu likawa moja tu, na msahihishaji yeyote, awe mkali au mpole, angetoa alama ileile. Huo ni miongoni mwa mitihani ya kwanza kabisa ya maswali ya kuchagua. Waulize wakubwa waliofanya KCPE kule Kenya, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliodumu tangu mwaka 1985 hadi 2023. Watakusimulia habari za A, B, C na D, na penseli iliyochongwa vizuri.

Sasa njoo kwa mtundu wetu. Reynold Johnson alikulia Minnesota, na alikuwa na dada. Vijana walipokuja na magari yao kuwatembelea dada zake, yeye alinyemelea nje na kuzichorachora plagi za injini kwa penseli. Kijana akitoka, gari haliwaki! Kisa? Risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Umeme uliotakiwa kutoa cheche ndani ya injini ulipata njia ya mkato juu ya ule mchoro, ukapotea.

Johnson akakua, akawa mwalimu wa sayansi huko Michigan. Hapo akakutana na adui wa walimu wote: kusahihisha. Akakumbuka zile plagi. Kama alama ya penseli hupitisha umeme, si mashine inaweza kuigundua? Akaunda mashine ya kujaribia wazo hilo. Mwaka 1934 kampuni ya IBM ikamwajiri, na mwaka 1938 ikatoka mashine iliyoitwa IBM 805. Ukitia karatasi ya majibu ndani yake, vidude vya chuma viligusa kila mahali palipotengwa kwa jibu. Palipokuwa na penseli, umeme ulipita, na mshale wa kipimo ukaonyesha jumla ya alama.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo fundo la hadithi lilipo. Mashine ile haikujua kusoma. Haikujua herufi A wala B, wala haikujali kama swali lilikuwa la hesabu au la jiografia. Ilijua mahali tu. Karatasi ikichapwa na nafasi za majibu zikasogea kidogo kushoto, jibu sahihi lingehesabiwa kosa. Kwa hiyo kila karatasi, katika kila shule, ilibidi ifanane na nyenzake bila tofauti hata ya unywele. Mahali pa jibu pakawa na uzito sawa na jibu lenyewe.

Lakini je, mwanadamu mwenye macho na akili anahitaji usawa huo? Hilo lilijibiwa kwenye kompyuta.

Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, mhandisi Donald Bitzer na wenzake walianzisha mfumo wa kufundishia kwa kompyuta uitwao PLATO. Mwanzoni mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeweza kuutumia kwa wakati mmoja. Kufikia mwaka 1972 kulikuwa na PLATO ya nne, yenye kioo kilichong'aa rangi ya chungwa, nukta 512 kwa 512, na ambacho kiliweza kuguswa kwa kidole. Naam, kwa kidole, miaka mingi kabla ya simu unayoijua wewe.

Watu wengi walitunga masomo ya PLATO: wa kemia, wa lugha, wa hesabu, wa muziki. Kila mmoja angeweza kujiamulia namna yake ya kumpeleka mwanafunzi ukurasa unaofuata. Ingekuwa vurugu! Ila kwenye kibodi ya PLATO kulikuwa na vitufe maalumu vyenye majina yaliyoandikwa juu yake: NEXT cha kuendelea, BACK cha kurudi, HELP cha kuomba msaada. Vilikuwa palepale kwa wanafunzi wote, na watungaji wakazoea kuvitumia kwa kazi ileile. Aliyetoka kwenye somo la kemia akaingia la Kifaransa hakujifunza upya namna ya kusonga mbele. Alijifunza Kifaransa.

Bado kulikuwa na tatizo moja. Watungaji hao waliandika masomo kwa lugha ya kompyuta iitwayo TUTOR, iliyobuniwa na Paul Tenczar mwaka 1967. Kioo kiligawanywa katika mistari 32, na kila mstari ulikuwa na nafasi 64 za herufi. Ukitaka swali lianze mstari wa 18, nafasi ya 12, uliandika amri ya mahali na namba 1812. Sasa fikiria una maswali mia. Unaandika 1812 mara mia. Siku unapoamua kwamba swali lipande juu kidogo, unairekebisha mia nzima, na ukisahau moja, hilo moja litabaki chini, peke yake, likikuaibisha.

Waliokuwa werevu wakagundua dawa, nayo ilikuwemo ndani ya TUTOR yenyewe: unaandika kipande cha maagizo mara moja, unakipa jina, kisha kila unapokihitaji unakiita kwa jina lake. Ukikibadilisha pale kilipoandikwa, kimebadilika kila kinapoitwa. Kumbukeni hili, maana yote yatakayofuata ni ndugu zake.

Leo mtu anayetaka kutengeneza somo la mtandaoni halazimiki kuandika namba za mistari. Ana programu za kutungia masomo. PowerPoint, mnayoijua shuleni, ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh. Storyline, ambayo watengenezaji wengi wa masomo huitumia kwa majaribio yenye maksi, ilitoka mwaka 2012. Ndani ya programu hizi kuna kitu kiitwacho slaidi kuu. Haionekani mwanafunzi anapofanya jaribio, lakini ndiyo inayoamuru mambo: swali lianzie hapa, herufi ziwe na ukubwa huu, majibu yapangwe kwa umbali huu, kitufe cha kutuma jibu kikae kule. Chini ya slaidi kuu huwekwa mipangilio kadhaa, mmoja wa maswali ya kuchagua, mwingine wa kuoanisha, mwingine wa kujaza nafasi. Unapoongeza swali jipya, unachagua mpangilio wake, na swali linakaa mahali pake lenyewe.

Tazama kanga ya mama yako. Iwe nyekundu au ya bluu, ya maembe au ya korosho, ina pindo kuzunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno, upande wa chini. Hakuna anayeshika kanga mpya akahangaika kutafuta jina limeandikwa wapi. Macho yanakwenda yenyewe, kisha anacheka au ananuna kulingana na alichokisoma. Mpangilio wa swali unafanya kazi hiyohiyo: unayaachia macho njia yanayoijua, ili akili ibaki na kazi yake.

Kazi ya akili nayo ina mipaka. Mwaka 1988 John Sweller, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, aliandika kuhusu mzigo wa akili mtu anapojifunza. Sehemu ya akili tunayofikiria nayo papo kwa papo ni finyu. Ukiijaza mambo yasiyo ya somo, somo linakosa nafasi. Yeye na wenzake walionyesha pia kwamba mwanafunzi wa jiometria anayelazimika kurukaruka kati ya mchoro uliopo hapa na maelezo yaliyopo mbali hujifunza kwa taabu kuliko yule aliyewekewa vyote pamoja. Sasa mtoto anayefanya jaribio lako, akiwa swali la kwanza kakuta kitufe cha kutuma kulia, la pili kushoto, la tatu katikati, kila mara anakitafuta. Ule muda wa kutafuta ni mfupi, lakini umeutoa kwenye swali. Na akikosa, hutajua kama hakujua jibu au alichanganyikiwa na ukurasa. Jaribio lako halipimi tena ulichotaka kupima.

Najua mtaniuliza: kama slaidi kuu ipo na inaamuru, mbona majaribio mengi yana maswali yaliyokaa shaghalabaghala? Swali zuri. Tumfuate mwalimu mmoja wa kufikirika, anayetengeneza maswali ishirini kuhusu Ziwa Victoria.

Swali la kwanza, la pili na la tatu yametulia. Kwenye la nne, anaona picha ya sangara haienei, anakivuta kisanduku cha majibu pembeni kidogo kwa kipanya. Kidogo tu! Swali la saba alikuwa ameliandika zamani kwenye Word, akalinakili na kulibandika lilivyo. Likaja na fonti yake, ukubwa wake na rangi yake, kama lilivyovaa kule lilikotoka. Swali la tisa ni refu sana. Programu ikaona maneno hayaenei kwenye kisanduku, ikayapunguza ukubwa yenyewe bila kumwuliza mtu. Swali la kumi na mbili kalichukua kwenye jaribio la mwenzake, nalo likaja na slaidi kuu yake, hivyo faili moja sasa ina mabwana wawili wenye amri tofauti. La kumi na tano ndilo baya zaidi: alikifuta kile kisanduku cha swali kilichowekwa na mpangilio, akachora chake mwenyewe. Kwa macho vinafanana kabisa. Ila kile cha kwanza kilikuwa kimefungwa kwenye slaidi kuu, na hiki chake hakijafungwa popote.

Jumatatu mkuu wa shule anasema, "Mwalimu, herufi ni ndogo, ziongeze." Mwalimu anakwenda kwenye slaidi kuu, anaongeza, anatabasamu. Maswali mengi yanatii. La saba halitii, kwa sababu fonti liliyokuja nayo ina nguvu kuliko amri ya juu. La tisa linazidi kufurika. La kumi na mbili linamsikiliza bwana mwingine. La kumi na tano halina habari. Hapo ndipo watu wengi hukosea mara ya pili: wanaanza kurekebisha kwa mkono, slaidi baada ya slaidi, na kila wanapogusa kwa mkono wanakata kamba nyingine.

Fundi hafanyi hivyo. Anaanza kwa kutambua kila ugonjwa umetoka wapi. Kisanduku kilichovutwa na maandishi yaliyobadilishwa anavirudisha kwa amri ya kuweka upya, ambayo PowerPoint inayo: kila kisanduku kilichofungwa kwenye mpangilio kinarudi mahali pake na ukubwa wake. Maandishi ya Word anayabandika upya akichagua maandishi pekee, bila mavazi yake. Swali lililotoka faili jingine analipa mpangilio wa slaidi kuu ya nyumbani, kisha anaifuta ile ya kigeni. Kisanduku kilichochorwa kwa mkono hakiponi kwa amri ya kuweka upya, kwa kuwa hakina pa kurudi. Anakirudisha kisanduku halisi cha mpangilio, anahamishia maneno humo, anakitupa kile cha bandia. Na lile swali refu? Analifupisha. Swali lisiloenea kwenye kisanduku kizuri mara nyingi lina maneno ambayo hayakuwa na kazi.

Halafu kuna sehemu inayosahaulika: mrejesho. Mwanafunzi akishajibu, linatokea dirisha la kumwambia amepatia au amekosea. Storyline ina slaidi kuu ya pekee kwa ajili ya madirisha hayo. Ukirekebisha maswali ukaiacha hiyo, utapata maswali yaliyonyooka na madirisha yanayochipuka kila mara kona tofauti. Tena usitegemee rangi peke yake, kijani kwa kupatia na nyekundu kwa kukosea, maana wapo watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Andika neno: Sahihi. Siyo sahihi.

Wapo pia wasioona kabisa, wanaosomewa ukurasa na programu ya sauti. Kwao mahali maana yake ni zamu: kipi kinasomwa kwanza, kipi kinafuata. Ukiongeza vitu ovyo, wanaweza kusomewa jibu la C, kisha kitufe, kisha swali, kisha jibu la A. Na shirika la W3C, linaloweka viwango vya mtandao, liliandika katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kwamba vitu vya kusogezea vinavyojirudia kwenye kurasa nyingi vifuate utaratibu uleule. Kila unapomaliza jaribio, fungua orodha ya zamu za kusomwa uhakikishe swali linatangulia majibu, na majibu yanatangulia kitufe.

Sasa msije mkaondoka hapa mkafananisha kila kitu! Kipo ambacho kikifanana kinaharibu. Jibu sahihi likikaa B kila mara, mtoto mjanja atapata maksi zote bila kusoma. Mwaka 2003 watafiti Yigal Attali na Maya Bar-Hillel walionyesha kwamba watunga mitihani, bila kujijua, hupenda kulificha jibu sahihi katikati, na wanaobahatisha nao hupenda kuchagua katikati. Kwa hiyo programu nyingi zina amri ya kuchanganya majibu. Itumie, lakini ukiitumia, usiandike jibu lisemalo "Yote yaliyotajwa hapo juu", kwa sababu likichanganywa linaweza kujikuta juu kabisa, na hapo juu hakuna kitu. Wala usiandike kwenye mrejesho "Jibu ni C", maana C ya mwanafunzi huyu ni A ya mwenzake. Andika jibu lenyewe.

Vilevile usililazimishe swali la kuoanisha livae mpangilio wa swali la kuchagua. Kila aina ya swali ina umbo lake. Kinachotakiwa ni maswali yote ya kuoanisha yafanane yenyewe kwa yenyewe, na vile vya pamoja, yaani kichwa, namba ya swali na kitufe, vikae palepale katika aina zote.

Hadithi inakaribia mwisho, na huu ndio mgao wako. Nenda kwenye kompyuta ya shule. Kama hakuna PowerPoint, LibreOffice Impress ni ya bure na ina slaidi kuu pia. Kabla hujaandika hata swali moja, fungua slaidi kuu. Chukua swali lako refu kuliko yote na majibu yake marefu kuliko yote, lijaribishe humo. Likienea hilo, mengine yataenea. Panga, funga slaidi kuu, ndipo uanze kuandika maswali. Ukimaliza, weka kidole kwenye kitufe cha kusonga mbele, upitishe slaidi zako upesiupesi bila kusoma neno. Kitakachotulia kiko sawa. Kitakachoruka kiandike namba yake, urudi kukirekebisha kwenye mpangilio, usikivute kwa kipanya.

Kisha mpe rafiki alijaribu. Akimaliza na kuanza kubishana nawe kuhusu majibu, bila kusema lolote kuhusu mwonekano, jua umefaulu. Kazi yako ilikuwa kumfikisha kwenye swali, na umemfikisha.